Epirotiki: himaya ya Kigiriki iliyojengwa kwa meli kuukuu

Meli ya kitalii Oceanos ilipozama nje ya pwani ya Transkei, Afrika Kusini, Agosti 4, 1991, magazeti ya dunia nzima yaliiandika kama meli ya Kigiriki. Kwa bendera na kwa mwenye mali, kampuni ya Epirotiki, ilikuwa ya Kigiriki kweli. Lakini chombo chenyewe kilijengwa Bordeaux, Ufaransa, kikashushwa majini mwaka 1952, na ujana wake wote kiliupitisha katika bahari yetu. Kikiitwa Jean Laborde wakati huo, mali ya kampuni ya Messageries Maritimes, kilibeba abiria, barua na shehena kutoka Marseille, kikapita mfereji wa Suez na Djibouti, kikatia nanga Mombasa na Dar es Salaam, kisha kikavuka kwenda Madagaska, Réunion na Morisi. Makuli wa Kilindini walikijua miaka mingi kabla watalii hawajakijua.

Kati ya Jean Laborde na Oceanos, meli hiyo hiyo iliitwa Mykinai, Ancona, Brindisi Express na Eastern Princess. Majina sita, meli moja. Hapo ndipo wengi wanaojaribu kuisoma historia ya meli za kitalii za Ugiriki hupotea: wanafuata majina. Ukifuata chuma chenyewe, tangu karakana kilikojengwa hadi ufukwe kilikokatwa skrepa, mambo yanaanza kunyooka. Utaona kwamba kampuni iliyotawala biashara hii kwa miongo kadhaa, Epirotiki, ilisimama juu ya nguzo mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ustadi wa kununua meli zilizochokwa na mataifa tajiri na kuzifufua. Ya pili ilikuwa sheria moja ya Ugiriki iliyowazuia wageni kuingia kwenye biashara hiyo. Nguzo hizo mbili ziliipandisha Epirotiki juu sana, na nguzo hizo hizo ndizo zilizoiangusha.

Epirotiki ilikuwa mali ya ukoo wa Potamianos, watu wa meli kwa vizazi, waliohesabu historia yao tangu boti za mto Danube katika karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ugiriki ilikuwa imechoka na maskini, lakini ilikuwa na visiwa, magofu ya kale na jua. Katikati ya miaka ya 1950 Epirotiki ikaanza kuwatembeza watalii visiwani kwa meli ndogo iitwayo Semiramis. Na hiyo nayo ilikuwa na asili ya Afrika: ilijengwa mwaka 1935 na Harland & Wolff kwa ajili ya kampuni ya Elder Dempster, ikaitwa Calabar, na kazi yake ilikuwa pwani ya Afrika Magharibi. Wagiriki waliinunua, wakaipaka rangi, wakaitafutia jina la malkia wa hadithi za kale, wakaipeleka Mykonos na Rhodes. Meli iliyokuwa ikizunguka bandari za kikoloni ikawa kitanda cha watalii wa Kimarekani na Kijerumani.

Mtindo ukawa huo. Orpheus, meli iliyopendwa sana na wasomi wa Kiingereza waliokuwa wakizuru magofu pamoja na wahadhiri wao, ilianza mwaka 1948 kama Munster, ikivusha abiria kati ya Liverpool na Dublin. Argonaut ilikuwa boti ya anasa ya tajiri mmoja wa Marekani, iliyojengwa na Krupp huko Kiel mwaka 1929. Vita vilipoanza, jeshi la majini la Marekani liliichukua, likaiita Vixen, na makamanda wa kikosi cha Atlantiki wakaifanya makao yao ya kuamrisha. Neptune ilikuwa Meteor ya Norwei, ambayo mwaka 1971 iliwaka moto karibu na Vancouver na kuua mabaharia 32. Wenye meli hawakuitaka tena, Epirotiki wakainunua ikiwa imeungua na kuirudisha baharini. World Renaissance ilitoka kwa kampuni ya Paquet ya Ufaransa mwaka 1977. Ya kale ni dhahabu, na hawa walijua kuisugua mpaka ing'ae.

Epirotiki hawakuwa peke yao. Chandris, ukoo mwingine wa Kigiriki, mwaka 1967 waliinunua Kenya Castle ya kampuni ya Union-Castle, meli iliyokuwa ikizunguka Afrika na kupita Mombasa tangu 1952, wakaigeuza kuwa Amerikanis. Chini ya jina hilo ilitembeza watalii Karibi na kwingineko hadi ilipokatwa India mwaka 2001. Miaka ya sabini Chandris pia walipata Victoria, ambayo kabla ya kujengwa upya iliitwa Dunnottar Castle, na ilikuwa ikizunguka Afrika tangu 1936. Kwa hiyo, msomaji wa pwani anapoona picha ya meli nyeupe ya Kigiriki ya zamani yenye mabwawa ya kuogelea, asishangae akiambiwa kwamba nyanya zake waliiona ikiingia bandarini na jina lingine.

Kwa nini meli hizi zilipatikana kwa bei nafuu? Sababu ni ndege. Jeti za abiria zilipoanza kuruka mwishoni mwa miaka ya 1950, safari ya wiki tatu kutoka Ulaya hadi Afrika Mashariki ikawa safari ya usiku mmoja. Makoloni yakapata uhuru, maofisa wa serikali za kikoloni wakarudi kwao, barua zikapanda ndege, na shehena ikaanza kuingia kwenye makontena. Kufikia 1970, Ulaya ilikuwa na meli nyingi za abiria zenye umri wa miaka kumi na tano au ishirini, imara bado, zisizo na kazi. Wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi wachache. Wagiriki walikuwa na karakana za Perama na Piraeus, bandari ya Athens, mafundi hodari wa kuchomelea, na benki zilizokubali kukopesha kwa meli kuukuu. Walibomoa maghala ya mizigo, wakaweka vyumba vya kulala, kumbi za dansi na maduka, na kwa sehemu ndogo ya gharama ya meli mpya wakapata chombo kinachofaa kwa safari ya siku tatu, nne au saba.

Ni rahisi kuwacheka leo. Mimi sioni la kucheka. Bila akili hiyo, watu wa kipato cha kati wa Ulaya na Amerika wasingeiona Delos, Patmos wala Efeso kwa bei waliyoiona, na visiwa vingi vya bahari ya Aegean visingekuwa na utalii ule uliowajengea watu nyumba.

Ukuta wa sheria

Sasa tuje kwenye nguzo ya pili, ambayo watu hueleza kwa mkato na kuacha utata. Ugiriki, kama nchi nyingi, ilikuwa na sheria ya kulinda usafiri wa ndani wa bahari, ambayo watu wa meli huiita kabotaji. Kwa upande wa meli za kitalii ilikuwa na maana hii: ukitaka kuwapakia abiria Piraeus, uwazungushe, kisha uwashushe Piraeus, lazima meli yako ipeperushe bendera ya Ugiriki. Meli ya kigeni iliruhusiwa kupita na abiria iliowachukua Italia au kwingineko, wakashuka kutembea, wakapanda tena. Haikuruhusiwa kuifanya Piraeus iwe nyumbani kwake.

Faida yake kwa Epirotiki ilikuwa kubwa. Mtalii anayetua Athens kwa ndege, akataka kuona visiwa kwa siku nne, alikuwa na kampuni chache tu za kuchagua, zote za nyumbani. Kampuni kubwa za Karibi zenye meli mpya hazikuweza kumfikia. Bei ilipangwa na Wagiriki wenyewe, na ushindani ulibaki baina yao: Epirotiki, Sun Line na nyingine ndogo.

Hasara yake ilichukua muda kuonekana. Bendera ya Ugiriki ilidai kwamba sehemu kubwa ya mabaharia wawe Wagiriki, na mishahara yao ilipanda kadiri nchi ilivyotajirika, hasa baada ya kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981. Wapinzani wa Karibi waliandikisha meli zao Panama, Liberia au Bahamas na kuajiri mabaharia kutoka Ufilipino na Karibi. Na ubaya mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ukuta huo uliwaondolea wenye meli sababu ya kujenga. Kwa nini ujiingize kwenye deni la mamilioni kwa ajili ya meli mpya, wakati mtu anayetaka visiwa hana pa kwenda isipokuwa kwako?

Chandris waliliona hilo mapema. Mwaka 1989 walianzisha Celebrity Cruises kwa ajili ya soko la Marekani, na mwaka uliofuata wakaleta Horizon, meli mpya kabisa kutoka karakana ya Meyer Werft ya Ujerumani. Mwaka 1997 Royal Caribbean waliinunua Celebrity. Hadi leo meli za Celebrity hubeba alama ya X, ambayo kwa Kigiriki ndiyo herufi ya kwanza ya jina Chandris. Ukoo huo ulivuka kwenda kwenye ulimwengu mpya wa meli. Epirotiki walibaki Piraeus.

Miaka mitatu, meli tatu

Kwanza soko lilitikiswa na vurugu ambazo hazikuwa kosa la mtu wa meli. Oktoba 1985 watekaji waliiteka Achille Lauro ya Italia nje ya Misri na kumuua abiria mmoja Mmarekani, na msimu uliofuata Wamarekani wengi hawakuja Mediterania. Julai 1988 watu wenye silaha walishambulia meli ndogo ya kitalii City of Poros karibu na Athens na kuua watu tisa. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 21, 1988, zamu ya Epirotiki ikafika.

Jupiter, iliyojengwa Ufaransa mwaka 1961 kwa jina la Moledet kwa ajili ya kampuni ya Zim ya Israeli, iliondoka Piraeus jioni ikiwa na wanafunzi wa Kiingereza karibu mia nne pamoja na walimu wao. Nje kidogo tu ya bandari iligongwa ubavuni na meli ya magari ya Italia, Adige. Ilizama kwa dakika zipatazo arobaini. Watu wanne walifariki: mwanafunzi, mwalimu na mabaharia wawili. Waliookoka waliokolewa na boti ndogo ndogo na tagi za Piraeus zilizoharakisha kufika, kwa sababu ajali ilitokea karibu. Ingetokea maili thelathini mbele, hesabu ingekuwa nyingine.

Juni 1991 Pegasus, meli kubwa na ya kisasa kuliko nyingi za kampuni, iliungua ikiwa Venice. Nayo ilikuwa na maisha ya nyuma: feri ya Silja katika Baltiki iitwayo Svea Corona, kisha Sundancer, ambayo mwaka 1984 iligonga mwamba huko Kanada na kuhesabiwa kuwa haifai tena, mpaka Epirotiki walipoinunua.

Miezi miwili baadaye ikafuata Oceanos. Kisa chake kinahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu hadithi ya nahodha imefunika jambo la msingi zaidi.

Meli ilikuwa imekodishwa na wafanyabiashara wa utalii wa Afrika Kusini. Agosti 3 iliondoka East London kuelekea Durban, ikakutana na dhoruba kali kwenye Pwani ya Mwitu, sehemu ambako mkondo wa Agulhas unaokwenda kusini hupambana na upepo wa kusini-magharibi na kuinua mawimbi ya kutisha. Usiku, katika chumba cha jenereta, ulisikika mshindo. Bomba la kuingiza maji ya bahari lilikuwa limepasuka. Chumba kikajaa, jenereta zikazimwa, meli ikabaki haina umeme wala injini.

Hadi hapo haikupaswa kuzama. Meli hugawanywa kwa kuta za chuma zisizopitisha maji, ili chumba kimoja kikijaa vingine vibaki vikavu. Lakini mafundi walikuwa wakitengeneza mfumo wa majitaka kabla ya safari, na katika ukuta kati ya chumba cha jenereta na tangi la majitaka lilibaki tundu, mahali palipoondolewa bomba la hewa. Tena, vali za kuzuia maji kurudi nyuma katika mabomba hayo hazikuwa zimerudishwa zote. Kwa hiyo maji ya bahari yalipita kwenye tundu, yakajaza tangi, kisha yakapanda kupitia mabomba ya vyoo, masinki na bafu, na kutokea kwenye vyumba vya deki za chini, moja baada ya nyingine. Kuta zote za kuzuia maji zilirukwa na bomba la choo.

Watu 571 walikuwa ndani, na wote waliokoka. Kwa sehemu kubwa waliokolewa na watumbuizaji. Mpiga gitaa Moss Hills na wenzake walisaidia kujaza boti za uokoaji gizani, kisha Hills akashika redio ya nahodha na kuomba msaada, mpaka helikopta za Puma za jeshi la anga la Afrika Kusini zilipofika alfajiri na kuanza kuwavuta mmoja mmoja kutoka kwenye deki iliyokuwa imelala upande. Wapiga mbizi wa jeshi, akiwemo Paul Whiley, walishuka kwenye meli na hata kuruka majini kuwafuata waliotumbukia. Meli za mizigo zilizokuwa karibu, kama Nedlloyd Mauritius, ziliokota waliokuwa kwenye boti. Mchana Oceanos ikainama kwa omo na kuzama mbele ya kamera, si mbali na Coffee Bay.

Nahodha Yiannis Avranas aliondoka kwa helikopta huku abiria wengi wakiwa bado melini, na akajitetea hadharani kwamba amri ya kuacha meli ni ya kila mtu. Uchunguzi wa Ugiriki ulimkuta yeye na maofisa wengine na hatia ya uzembe. Dunia ilimkasirikia, na ilikuwa na haki. Ila hasira hiyo kwa mtu mmoja iliacha swali la biashara bila kuulizwa vya kutosha. Meli ya karibu miaka arobaini, iliyobadilishwa mara nyingi, ina mabomba juu ya mabomba, na kila tengenezo ni nafasi ya kusahau tundu. Meli kuukuu inaweza kuwa salama kabisa, lakini gharama ya kuiweka salama hupanda kila mwaka, na kampuni inayoishi kwa unafuu wa meli kuukuu ndiyo inayopata shida zaidi kuilipa gharama hiyo.

Muungano, madeni na minada

Sheria za usalama nazo zilikuwa zikibadilika. Baada ya Scandinavian Star kuungua mwaka 1990 na kuua watu 159, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha kanuni mpya za moto zilizowalazimisha wenye meli za zamani kuweka, kwa awamu, mabomba ya kunyunyizia maji na vifaa vya kutambua moshi. Hatua ya mwisho ilikuwa 2010, ambapo meli zenye mbao na vitu vingine vinavyowaka kirahisi zilipaswa kuondoka kabisa. Urembo wa mbao uliokuwa fahari ya meli za miaka ya hamsini uligeuka kuwa hukumu yake.

Epirotiki walijaribu kushikana na Carnival ya Marekani, iliyoingia kama mshirika kati ya 1993 na 1995 na kuleta, badala ya fedha tupu, meli zake za kwanza kabisa. Mojawapo ilikuwa Carnivale, iliyozaliwa 1956 kama Empress of Britain na kuwahi pia kuwa Queen Anna Maria ya Greek Line, kampuni nyingine ya Kigiriki iliyokwisha kufa. Yaani hata mshirika tajiri alipokuja, alikuja na vyombo vikuukuu. Ushirika ukavunjika.

Mwaka 1995 Epirotiki na Sun Line waliungana, ikazaliwa Royal Olympic Cruises. Sun Line ilikuwa ndogo, yenye sifa ya huduma nzuri, na bingwa wake alikuwa Stella Solaris, ambayo nayo ilikuwa meli ya barua ya Kifaransa, Cambodge, ya mwaka 1953. Kampuni mpya iliorodhesha hisa zake kwenye soko la hisa la Marekani la Nasdaq mwaka 1998, na kampuni ya meli ya Louis ya Kupro ikaja kuwa mwenye hisa nyingi. Wakati huo Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuamuru ukuta wa kabotaji ubomolewe kwa meli za nchi wanachama. Mlango wa Piraeus ulikuwa unafunguka.

Ndipo wakafanya lile ambalo lingepaswa kufanywa miaka kumi na tano nyuma: waliagiza meli mpya mbili kutoka karakana ya Blohm+Voss, Hamburg. Olympic Voyager ilianza kazi mwaka 2000, na dada yake Olympic Explorer akafuata 2002 baada ya mvutano na karakana. Zilikuwa na abiria zaidi ya 800 na mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo meli za kitalii karibu zote hazina. Wazo lilikuwa zuri: kwa kasi hiyo ungeweza kugusa Ulaya, Asia na Afrika ndani ya wiki moja, Istanbul hadi Misri. Lakini kasi hula mafuta, meli za ukubwa huo hubeba watu wachache kuliko zile za Karibi zenye abiria elfu mbili, na deni la benki ya Ujerumani halikusubiri. Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na Wamarekani wakaacha tena kuja mashariki ya Mediterania.

Kamati ya Olimpiki ilikuwa imepinga matumizi ya jina lake, kwa hiyo meli na kampuni zikabadilishwa kuwa Olympia. Jina jipya halikuongeza siku. Mwanzoni mwa 2004 meli zote mbili mpya zilizuiliwa katika bandari za Marekani na wadai na kupigwa mnada, na zile kuukuu zikauzwa moja moja. Stella Solaris ilikuwa imekwisha kukatwa 2003. Triton, ambayo ilianza maisha kama Cunard Adventurer mwaka 1971, ilichukuliwa na Louis na kuendelea kama Coral hadi skrepa ya 2014.

Mmoja wa ukoo, George Potamianos, alikuwa amehamia Ureno na kuuendeleza mtindo wa zamani kwa kampuni yake ya Classic International Cruises. Miongoni mwa meli zake ilikuwa Athena, ambayo kwa jina la Stockholm iligongana na meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, mwaka 1956. Alifariki 2012, na kampuni ikaanguka mwaka huo huo.

Zile mbili za Hamburg ziliishi zaidi kuliko mwenye kuziagiza. Voyager ilikwenda Hispania kama Grand Voyager, ikawa Costa Voyager, kisha ikauzwa China. Explorer ikawa chuo kikuu kinachoelea cha programu ya Semester at Sea, ikizunguka dunia na wanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015 ilirudi Aegean, ikakodishwa na Celestyal, kampuni iliyotokana na Louis, na kuitwa Celestyal Odyssey. Ilifanya kazi ile iliyojengewa, ya visiwa na Efeso, kwa msimu mmoja tu. Wachina wakainunua, ikaondoka Piraeus na jina lingine.